Kipenga Hakufia Darajani

Kipenga alifia hospitalini, kitandani, kwa homa ya mapafu, akiwa amevaa soksi za mkewe. Hilo halina ubishi. Binti yake ni mhadhiri wa historia. Amelichimba jambo hilo mpaka akaota mvi, akamsaka hata muuguzi aliyemfumba marehemu macho, akaandika kitabu. Kitabu kilisifiwa sana na wasomi wenzake, ambao ukiwakusanya wote wanaenea kwenye sofa moja.

Balaa ni ile filamu. Humo, Kipenga, kiongozi wa mgomo wa madereva, anapigwa risasi juu ya daraja, anatoa hotuba ndefu mno kwa mtu mwenye risasi kifuani, anapuliza kipenga chake mara ya mwisho, kisha anaanguka mtoni. Nchi nzima ililia. Siku hizi pale darajani vinauzwa vipenga vya plastiki, na watu wazima na akili zao wanaweka maua. Mhadhiri alipowaeleza wanafunzi kwamba siku ile Kipenga alivuka kwa baiskeli, akanyeshewa, akafika nyumbani anapiga chafya, mmoja alimuuliza kwa adabu kama ana hakika.

"Alikuwa baba yangu," Mhadhiri akasema.

"Pole, mwalimu. Lakini mimi nimeona."

Sasa manispaa ikataka kuweka bamba la kumbukumbu darajani. Mhadhiri akaona ni hapa hapa pa kupigania. Maneno yakishachongwa kwenye chuma, baba yake hatarudi tena kitandani kwake. Akamwendea ofisa mhusika.

"Utafiti tunauheshimu, dada," ofisa akasema. "Lakini wengi wape. Maua wanayaleta darajani. Tukiwaelekeza wodini, wagonjwa walale wapi?" Hakuwa mtu mbaya. Akafikiri kidogo, akaongeza, "Mlete mama. Mjane mwenyewe akitamka mbele ya kamati, nani atabisha? Atakavyosema ndivyo tutakavyochonga."

Mhadhiri akalala usingizi mnono. Habari ya soksi aliipata kwa nani, kama si kwa mama? Yeye mwenyewe baba alipokufa alikuwa bado ananyonya.

Siku ya kamati walimkuta pia mwigizaji aliyemwigiza Kipenga, amealikwa kwa heshima. Jitu zima, lina mwanya mpana na aibu nyingi. Mama hakumsalimia mwenyekiti. Alimwendea yule, akamweka sawa kola ya shati.

"Umekonda, baba. Huli?"

"Nakula, mama."

Kila sikukuu huenda kumjulia hali mama huyo, na sukari mkononi. Akamwinamia Mhadhiri, akanong'ona, "Kitabu chako nimekisoma chote."

"Ukaonaje?"

"Niliona haya."

Mhadhiri akatamani kumchukia, akashindwa. Katika chumba kile, mtu pekee aliyekuwa amesoma kitabu chake ndiye huyo.

Mwenyekiti akakohoa. "Mama, tuambie kwa kinywa chako. Mzee alifia wapi?"

Mama akaweka mkoba mapajani. "Darajani."

"Mama," Mhadhiri akasema.

"Darajani. Kipenga nilikisikia."

Akaitoa ile hotuba yote, neno kwa neno, akinyamaza hata pale ambapo kwenye filamu unaingia muziki. Ofisa akaandika. Mwenyekiti akatafuta leso. Mwigizaji aliitazama sakafu mpaka mwisho. Kazi ikawa imekwisha.

Nyumbani Mhadhiri alimfuata mama mpaka jikoni kwa hasira. "Umenivua nguo mbele za watu, mama. Na zile soksi je? Ulinidanganya?"

"Nikudanganye kwa lipi? Soksi zangu, za kijani, za sufu. Nilimvisha mimi, miguu ilikuwa ya baridi." Mama alikuwa anaosha vikombe, hakugeuka. "Leo mle ndani nilifumba macho ili niwaeleze wa kitandani. Nikaiona miguu. Nikaliona shuka. Nikipandisha macho niuone uso, namkuta yule kijana. Na yule, mwanangu, alifia darajani. Ningesemaje?"

Mhadhiri akavuta stuli, akakaa. Hasira ilikuwa imemtoka, na hakujua imekwenda wapi.

"Picha zake tulizichoma wenyewe, askari walipokuwa wanapita kusaka wagomaji," mama akasema. Akaikausha mikono, akakaa uso kwa uso na binti yake. "Wewe ndiye uliyesoma. Umemtafuta maisha yako yote. Hebu niambie, baba yako alikuwa na sura gani?"

Mhadhiri alijua namba ya wodi. Alijua urefu wa baba yake, kiatu chake, dawa aliyopewa na dawa iliyokosekana. Akafumba macho, akatafuta kwa uangalifu kama alivyozoea kazini, na aliyemjia ni yule yule, anatabasamu, kola imekaa upande. Akafumbua, akafumba tena. Hakuwepo mwingine.

Mama alikuwa anangoja.

"Alikuwa na mwanya," Mhadhiri akasema.

"Eeh," mama akasema, uso umemchangamka. "Mwanya. Asante, mwanangu, umenikumbusha."