Nakshi za Wana wa Mfalme

Sikilizeni, nyinyi mnaopenda kuambiwa kwamba kuna amani. Katika Bwawa la Mayungiyungi walitawala nzi, wadogo kuliko punje ya ulezi, wenye kiburi cha ndovu. Siku ya kutawazwa, Mfalme wao alipakwa utomvu mabawani, yakagandamana mgongoni, maana mila yao ilisema: mhuni huruka, mfalme huketi.

Wanawe, mabuu wanene, waliishi ndani ya majani ya mayungiyungi yaliyoelea majini, kati ya ngozi ya juu na ya chini, wakila nyama ya jani kimyakimya. Walipopita palibaki mistari myeupe. Mfalme akapiga marufuku neno "kula". Wana wa enzi hawali, ikatangazwa; wanatia nakshi.

Majani yakaanza kuzama. Ndipo Konokono, aliyebandika mayai yake chini ya jani moja, akapanda barazani.

"Mfalme, wanao wanakula..."

"Wanafanya nini?" akafoka Waziri Kerengende, mwenye macho makubwa kuliko kichwa na asiyeona kitu.

"Wanatia nakshi, Mheshimiwa. Kesho wanaingia jani langu. Likizama, tope litawameza wanangu."

"Wanao!" Mfalme akacheka. "Makamasi yaliyobandikwa! Shukuru, mama. Jani lako la kishamba litapambwa."

Baraza likapiga makofi. Konokono akameza hasira, akainama mpaka pembe zikagusa chini.

"Kweli, langu la kishamba, kijani kitupu. Lakini ni aibu Mfalme naye kukalia kijani, na lile jani la mashariki limejaa nakshi ukingo hadi ukingo! Au Mfalme anaziogopa?"

Waziri alijua kwamba jani lile limebaki ngozi tupu. Baraza zima lilijua. Lakini wa kumwonya angelazimika kulitamka neno lile.

"Nani aogope?" Mfalme akanguruma. "Kiti changu kihamishwe! Na wanangu wote waingie humo, wamalizie kazi!"

Wakambeba kwa ngoma. Alipoketi tu, jani likachanika kama karatasi iliyolowa. Wapambe wakaruka, Waziri mbele yao. Mfalme akatikisa mgongo, utomvu haukuachia.

"Konokono! Jani hili lina nini?"

"Lina nakshi, Mfalme."

Maji yakamfika mdomoni. "Limeliwa!" akapiga yowe. "Wamelila! Limeliwa!"

"Nyamaza, Mfalme," akasema Konokono. "Neno hilo ni marufuku."

Akageuka, akarudi taratibu kwa mayai yake.

Nanyi mliokalia majani yetu mkituambia yanapambwa: yajaribuni mabawa yenu.