Viatu vya Malvie Prater

Kamati ya kumbukumbu za shule ya zamani ya Pigeon Fork ilikuwa na mwenyekiti, Orlena Prater, aliyejipendekeza mwenyewe, akajichagua mwenyewe, na nusura ajipigie makofi. Shule ilikuwa chumba kimoja cha mbao huku kwetu milimani Kentucky. Sasa humo tungeweka vitabu vya mahudhurio, Biblia za koo, na ukutani picha za wanafunzi wa enzi hizo.

Dessie Whisman, bibi wa miaka sabini na ushee, alipanda kilima akitweta, picha ameifunga kwa taulo la jikoni. Ni wavulana wa mwaka 1931, na wa pili kutoka kushoto ni kaka yake, Harlis. Picha nyingine ya Harlis haipo duniani. Mgodi ulimfukia angali kijana, hata hajaoa. Dessie alitaka jambo moja tu kabla hajafa: kaka yake apate msumari kwenye ukuta ule.

Orlena aliitazama picha kama aliyepewa maziwa yaliyochacha.

"Shangazi Dessie, hii haipiti. Yuko pekupeku."

"Wote tulikuwa pekupeku, mwanangu."

"Ndicho wanachokitaka hao watu wa mjini! Walikuja na kamera zao, wakatupiga picha na matope yetu, tukachekwa nchi nzima. Nimeapa, mguu mtupu hautundikwi hapa."

Kwa hilo, tuseme kweli, hakukosea; watu wale walitudhalilisha. Lakini kwa dawa yake hiyo Orlena alikuwa amewafukuza watoto wa bonde zima, picha zao zimelala sandukuni chini ya meza. Ukutani ilibaki picha moja: wasichana wa mwaka uleule, na mbele kabisa Malvie, mama yake Orlena, kavaa viatu. Orlena aliipeleka mjini ikakuzwa, ikawa kubwa kama mlango, ili viatu vionekane. Na kweli vilionekana.

"Mama alimaliza darasa la nane," alisema, kidevu juu. "Huyo Harlis wenu, unisamehe, kitabu kinasema aliacha msimu uleule wa baridi. Shule haimfai kila mtu."

Dessie damu ilimpanda. Akasogea ampe jibu lake, na hapo macho yakatua kwenye vile viatu. Viatu vya kiume, vinampwaya mtoto. Cha kulia kina kiraka kwenye ncha, ngozi ya hatamu ya nyumbu, imepigiliwa misumari ya shaba mfano wa msalaba.

Zamani, siku ya mpiga picha, viatu vilizunguka. Mwenye navyo humwazima asiye navyo, picha ikipigwa vinarudi. Siku ile Harlis alirudi nyumbani miguu mitupu, akasema viatu vimechukuliwa na mto. Baba akamchapa mpaka mama akalia, naye hakubadili neno. Pesa ya vingine haikuwepo. Theluji ikaanguka, Harlis akakaa nyumbani, na mwaka uliofuata akaingia mgodini.

"Orlena, mama yako alikuwa na miguu mikubwa?"

"Mama? Miguu midogo kama ya mwanasesere, nani asiyejua!"

"Basi hivyo alivyovaa ni vya nani?"

Wanawake waliokuwa wakipakua maharage na mkate wa mahindi kule nyuma waliacha miiko ndani ya sufuria.

"Hicho kiraka baba yangu alikipigilia jikoni kwetu," alisema Dessie. "Mimi ndiye niliyemshikia taa, shule sijaanza bado."

"Mama yangu hakuwa mwizi!"

"Nani kasema mwizi? Aliazimwa. Kurudisha ndiko kulikomshinda. Msimu mzima wa baridi alitembea navyo kuja shule, na mwenyewe Harlis yuko nyumbani kwa kukosa viatu. Kumbe yule mpumbavu wangu alikula fimbo zile asimtaje!"

Orlena, uso umemwiva, alinyoosha mikono kuishusha picha.

"Hushushi kitu!" Dessie akafoka. "Malvie alisoma, na alisoma vizuri. Mwache hapohapo. Nipe nyundo."

Akapewa. Akamtundika Harlis kando ya Malvie, chini kidogo, hadi miguu yake mitupu ikawa sambamba na vile viatu. Kisha akakunja taulo lake.

"Sasa wakija hao wa mjini wakauliza mbona huyu mtoto hana viatu," alisema, "wewe ndiye mwenyekiti. Utawajibu."