Viti vya Kumkalisha Afisa

Nzembi alikuwa na hasira tangu asubuhi, na kilichomkasirisha ni jogoo.

Jogoo mwenyewe hakuwa na kosa. Wanawake wa bandani walikuwa wamemnunua kwa ajili ya mgeni, na kwa mgeni yule Nzembi angechinja hata ng'ombe, kama angekuwa naye. Bwana Ngala, afisa wa kazi, alikuwa amekubali kuja Msambweni kulitazama banda la samaki kwa macho yake. Nzembi ndiye aliyemfuata ofisini, akakaa barazani mpaka akasikilizwa. Alimweleza jambo moja tu: kufuli.

Banda lilikuwa la mabati matupu. Ndani yake wanawake walipasua papa, wakawatia chumvi, wakawapanga kwenye chanja juu ya moto wa magogo ili wakaushwe na moshi. Kila asubuhi, wakishaingia, Chirau msimamizi aliufunga mlango kwa nje, akatia kufuli, akaenda zake na ufunguo. Alisema tajiri wake anaibiwa. Wanawake wa Mwabungo, kijiji cha jirani, walifungiwa siku moja tu; kesho yake waume na kaka zao walikuja kusimama mlangoni, na Chirau akatangaza kwamba wenyeji hawahitajiki tena. Wakabaki akina Nzembi, Wakamba walioletwa na ukame wa kwao Kitui, wasio na kaka wa kusimama popote.

Kisha chanja ikashika moto mlango ukiwa umefungwa. Munee, mkubwa wao, aliling'oa bati la ukuta kwa mikono yake mpaka wakapenya wote. Kiganja chake cha kulia, kilichoungua, kilipona kikiwa kimejikunja, na hakijafunguka mpaka leo. Chirau alilipigilia misumari lile bati, akalirudisha kufuli lake.

Kwa hiyo Nzembi hakutaka karamu. Alitaka afisa aukute mlango umefungwa, agonge, asikie sauti za watu ndani. Basi, hayo tu.

"Nilisema asiambiwe mtu," aliwakumbusha wenzake.

"Hakuna aliyeambiwa," Munee alisema. "Mimi nimempelekea Chirau jogoo tu, amchinje."

Nzembi alimgeukia. "Umempelekea nani, mama?"

"Sasa mwanangu, mgeni hatujui dini yake. Mtu wa jina la Ngala huku Pwani anaweza kuwa wa msikiti, anaweza kuwa wa kanisa. Tukichinja wenyewe kisha akatae kula, aibu hiyo tutaificha wapi? Chirau ni Muislamu, nikamwomba amchinje. Akaniuliza ni mgeni gani huyo wa kuheshimiwa hivyo. Ningemdanganya?"

"Ndiyo! Ungemdanganya!"

"Naye ameshika kisu, anatusaidia?" Munee alishangaa kwa dhati. "Tena ametuazima viti."

Viti vilikuwa vimeshafika ndani ya banda, vya mbao nzito iliyochongwa maua, pamoja na kitambaa cha meza kilichotariziwa na mke wa Chirau. Mlango ulikuwa wazi kabisa, kufuli halionekani. Chirau alikuwa anafagia kizingiti yeye mwenyewe, mtu ambaye hajawahi kushika ufagio tangu mamake amzae.

Bwana Ngala akafika na landrova, shati jeupe, uso umejaa vumbi la barabara. Alikuwa bado kijana, na hakuonekana mtu mbaya.

"Hamjambo, akina mama? Habari za kazi?"

"Njema!" waliitikia kwa pamoja, kama walivyolelewa kuitikia. Nzembi akafungua mdomo aongeze "ila", Munee akamfinya pajani.

"Hajanywa hata maji," alinong'ona. "Huwezi kumtwisha mtu shida zako ana kiu."

Basi afisa akanyweshwa madafu. Akaletewa wali wa nazi na jogoo. Kila alipotua kijiko Nzembi aliinuka, na kila alipoinuka mwenzake mmoja alimwongezea mgeni mnofu. Wanawake wale walikuwa wamekula moshi siku nenda siku rudi wakiombea mtu wa kuwasikiliza, na sasa mtu amekuja wanamziba mdomo kwa paja la kuku! Nzembi alitamani kuipindua meza. Afisa aliponawa mikono, alikuwa tayari anaangalia saa. Alitakiwa Kikoneni.

"Bwana Ngala," Nzembi alisema, safari hii akimkwepa Munee, "ulikuja kwa ajili ya kufuli."

"Enhe, kweli. Liko wapi?"

"Kufuli gani tena, bwana wangu?" Chirau aliuliza kwa upole. "Mlango si huu? Upepo unaingia, unatoka. Hawa ni dada zangu. Hata hicho kiti ulichokikalia kimetoka nyumbani kwangu, wameniomba nami nimewapa. Umeona wapi mtu akimwazima mfungwa wake viti?"

Afisa alicheka kidogo.

"Mama," Nzembi alisema, "muonyeshe mkono."

Munee alikuwa ameuficha mkono chini ya leso. Alimtazama Chirau, akakitazama kiti, akamtazama mgeni aliyekikalia.

"Niliungua," alisema taratibu. "Kazi ya moto ndivyo ilivyo."

"Mama!"

"Pole sana, mama," afisa alisema, akasimama. "Dada, nimekusikia. Nitaeleza ofisini nilichokiona."

Alichokiona kilikuwa ni kitambaa cha meza. Landrova ikaondoka.

"Kwa nini?" Nzembi alimuuliza Munee. "Kwa nini, mama? Ulitakiwa kuufunua mkono tu!"

"Mgeni wetu alikuwa juu ya kiti cha mtu," Munee alijibu, machozi yanamtoka. "Ningemsemaje mwenye kiti?"

Kilichomuuma Nzembi zaidi ni kwamba alimwelewa. Mamake mzazi angefanya vivyo hivyo.

Chirau alirudi kufuli likining'inia kidoleni. "Haya, karamu imekwisha. Ingieni, moto unazimika. Na viti vyangu vitoeni, nivikute hapa nje."

Wenzake wakaingia, vichwa chini. Nzembi alikibeba kiti alichokalia afisa, akakiweka juu ya kizingiti, nusu ndani nusu nje, akakikalia. Chirau akausukuma mlango. Mlango ukagonga mguu wa kiti, mbao ikalia.

"Ondoka, bibie."

"Umemwambia afisa sisi ni dada zako. Dada hakalii kiti cha kaka yake?"

"Kitavunjika hicho! Ni kiti cha mke wangu!"

"Sukuma basi, kivunjike."

Chirau aliushika mlango, akauachia, akaushika tena. Hakusukuma. Moshi ulikuwa unatoka nje juu ya kichwa cha Nzembi, na nyuma yake alisikia kitu kinaburutwa sakafuni. Alikuwa Munee, akivuta kiti cha pili kwa mkono wa kushoto, na kukikinga kisianguke kwa ule wa kulia, ambao sasa hakuufunika na leso.

"Sogea," Munee alisema.

Nzembi alikuwa bado amemkasirikia. Hakumtazama, lakini alisogea.