Saini Niliyomwekea Linnea Brask

Kifurushi kilirudi Jumanne asubuhi, na kwa bahati mbaya aliyekipokea ni mimi mwenyewe. Mimi ni tarishi wa posta katika mji mdogo, saa moja kutoka Tampere, huu ni mwaka wangu wa ishirini na mbili kazini. Ndani mlikuwa na pakiti mbili za salmiaki, zile peremende zetu nyeusi za chumvi, kikombe chenye picha ya ndege, na kadi ya shukrani niliyomwandikia Linnea Brask wa Sundsvall, kule Sweden. Posta ya huko ilikuwa imebandika karatasi ya njano. Kuna karatasi ya mtu aliyehama, kuna ya mtu aliyefariki, kuna ya mtu asiyefungua mlango. Hii ilisema nyumba yenyewe haipo.

Niliogopa, na sababu yake nilikuwa naijua vizuri mno.

Ndege wa kwenye kikombe ni kuovi, na Kuovi ndilo jina la mfumo endeshi wetu, yaani ile programu ya kwanza inayoiamsha kompyuta na kuziongoza nyingine zote. Ni mfumo huria. Hauuzwi, yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha, na wanaoutengeneza ni watu wa kujitolea wenye kazi zao na ubishi wao. Tumewahi kugombana miezi minne kuhusu kona za madirisha ya kwenye skrini, ziwe kali au za mviringo. Watu wawili walihama wakaenda kuanzisha mfumo wao, na mpaka leo hatusalimiani. Mimi kutengeneza sijui, ila mdomo ninao. Kila Jumapili natoa ukurasa wa habari za Kuovi: toleo gani limetoka, nani kagombana na nani, nani kazembea. Wananisoma watu elfu mbili, na nakiri kwamba walinipa kichwa kikubwa.

Aliyezembea, kwa maneno yangu, alikuwa Ensio Rautavirta, rafiki yangu, tena jirani wa mitaa miwili. Ensio ndiye aliyekuwa mtunza ufunguo. Kompyuta yenye Kuovi haipokei sasisho ambalo halina muhuri wa ufunguo huo, na aliye nao anaweza kuingiza chochote ndani ya kila mashine bila kubisha hodi. Baadhi ya mashine hizo ndizo zinazoongoza mtambo wa maji ya moto yanayopasha joto nyumba zote za mji wetu. Habari hiyo niliwahi kuiandika kwa herufi kubwa, kwa majivuno.

Mwaka jana mkewe, Raili, alipooza upande mmoja. Ensio akawa anamlisha, anamgeuza, anamsomea, na masasisho yakawa yanachelewa. Mimi nikaandika: "Mlango mmoja, bawabu mmoja, na bawabu amelala." Watu walicheka wiki nzima. Wakaanza kumwandikia Ensio barua ambazo sitazirudia hapa, na sikuwakataza hata mmoja.

Ndipo akatokea Linnea. Alikuwa mpole, mwepesi, na hakulalamika hata mara moja. Ukisema jambo limeharibika asubuhi, mchana keshalirekebisha. Jukwaa letu zima la mtandaoni likaanza kudai apewe ufunguo, na mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote.

Sasa, sisi tuna desturi moja ya kizamani. Kabla mtu hajapewa ufunguo, wanachama wawili wa siku nyingi lazima wakutane naye ana kwa ana, waishike pasipoti yake mkononi, walinganishe picha na uso, kisha kila mmoja amtilie saini. Mmoja wao akiiondoa saini yake, ufunguo unakufa papo hapo na mashine zote zinaukataa. Ila lazima aandike sababu hadharani, kwa jina lake.

Novemba nilikwenda Turku kumpokea bandarini. Meli ikaja, abiria wakashuka, yeye hakushuka. Akaandika kwamba ana homa, akatuma picha ya pasipoti, kisha tukaongea kwenye skrini kwa dakika tatu, sura imejaa ukungu na sauti inakatika. Nilikuwa nimelowa, nimechoka, na Jumapili nilikuwa nimeshatangaza kwamba jambo limekwisha. Nikatia saini kwenye treni ya kurudi. Mwenzetu wa pili, Detlef wa Bremen, alipoiona saini yangu akatia yake bila hata kuvaa viatu atoke nyumbani.

Ensio aliniuliza mara moja tu, tukiwa tunakunywa kahawa kwake.

"Umemwona?"

"Nimemwona, bwana. Mtu mwenyewe safi kabisa."

"Pasipoti uliishika?"

"Ensio! Mimi mtu wa posta. Kushika karatasi ndiyo kazi yangu."

Akacheka, akanisogezea andazi la mdalasini, la pili kwangu. Januari akakabidhi ufunguo.

Hiyo Jumanne, kifurushi kiko mezani, nikampigia tarishi mwenzangu wa Sundsvall. Tunafahamiana kwa ajili ya barua zinazopotea.

"Mtaa huo naupeleka mimi, mzee," aliniambia. "Unaishia namba kumi na nne. Wewe umeandika thelathini na moja. Baada ya kumi na nne ni msitu tu. Una mpenzi sungura?"

Sikucheka. Nikamwandikia Linnea: kifurushi changu kimerudi, kulikoni? Jibu lilikuja kabla sijafunga zipu ya koti.

"Pole Kauko, nilihama. Sasisho kubwa linatoka Alhamisi saa sita mchana, tuko tayari. Huko kwenu kutakuwa na baridi kali Jumapili, vaa vizuri. Msalimie Ensio na Raili, waambie wapumzike. Na asante tena kwa saini. Bila jina lako nisingefika hapa."

Jina la Raili sikuwahi kumtajia. Ensio naye hamtaji mkewe kwa mtu wa jukwaani. Nilisoma ule ujumbe mara nne, na kila mara ulikuwa na adabu zaidi na kunitisha zaidi.

Jumatano nilipeleka barua kwa Ensio, nikaingia ndani kidogo kusalimia. Raili alikuwa kwenye kiti chake karibu na hita, shali magotini. Alinitazama kwa jicho lile zima.

"Karibu tarishi," alisema polepole, ulimi mzito. "Leo umeleta bili au umbea?"

"Umbea, shemeji. Bili nimemwachia jirani."

Ensio alikuwa amenyoa ndevu. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona amenyoa.

"Kauko, nalala," aliniambia jikoni. "Unajua ni miaka mingapi sijalala? Nilikuwa naamka nikiota nimepoteza ufunguo. Sasa nalala kama mtoto. Yule binti Mungu ambariki."

Sentensi ilikuwa mdomoni, maneno mawili tu: sikumwona. Nikamwangalia na mashavu yake laini, nikasema kahawa ya leo nitaipitia kesho.

Ningeweza kuiondoa saini jioni ile ile. Ufunguo ungekufa, sasisho lisingetoka, na gharama ingekuwa sentensi moja kwenye ukurasa wangu: nilitia saini kwa mtu nisiyemwona. Watu elfu mbili wangeisoma. Nimewaandama watu kwa makosa madogo kuliko hilo, na nilijua wangenifanyia nini, kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha. Niliandika sentensi hiyo, nikaifuta. Badala yake nikatoa onyo la kizembe kwamba "huenda ikawa busara" kusubiri wiki moja kabla ya kupokea sasisho. Sababu sikuitaja.

Majibu yalikuja kwa wingi.

"Mzee wa barua leo ana wivu na binti!"

"Juzi bawabu amelala, leo bawabu yuko macho mno. Tushike lipi, Kauko?"

"Kunywa dawa, babu."

Linnea naye aliweka alama ndogo ya tabasamu, basi.

Alhamisi saa sita mchana nilikuwa barabarani na mkokoteni wangu wa barua. Simu ilitetemeka mfukoni: sasisho limetoka, limepokelewa. Nilitazama mabomba ya moshi ya mtambo wa joto, ng'ambo ya mto. Moshi ulikuwa mweupe, unapanda wima kama siku zote. Nikajiambia nimezeeka, naogopa kivuli changu. Ijumaa ikapita salama, Jumamosi ikapita salama, nami nikaanza kutunga ukurasa wa Jumapili wa kujicheka mwenyewe.

Jumapili niliamshwa na ukimya. Mabomba ya nyumba yangu hugugumia asubuhi, hayakugugumia. Nje nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Niliweka mkono kwenye hita, ikawa kama kushika chuma cha uani. Nikafungua kompyuta, nikaiondoa saini na kuandika ile sentensi yote, kwa jina langu. Jibu likaja la mashine, si la mtu: saini haitambuliki. Sasisho la Alhamisi lilikuwa limefuta desturi yetu. Sasa kila kompyuta ya Kuovi ilitambua ufunguo mmoja tu, na haukuhitaji shahidi.

Nilikimbia mitaa miwili. Watu walikuwa wamesimama milangoni na makoti, wakiulizana. Redio ya mtu ilisema mafundi wako mtamboni tangu alfajiri lakini mashine zinawakatalia kuingia, na magari yanakuja kuwachukua wazee na wagonjwa, wasubiri kwa zamu.

Ensio alikuwa amemfunika Raili kwa kila kitu kilichokuwa ndani ya nyumba ile, mazulia yakiwemo. Uso wake tu ndio ulioonekana, na midomo ilikuwa na rangi nisiyoipenda. Pumzi yake ilitoka moshi kidogo, ikakawia, ikatoka tena. Hakuniuliza kama nimeleta bili au umbea.

Ensio alikuwa amepiga magoti, anamsugua miguu. Hakugeuka. Kompyuta yake ilikuwa wazi mezani, na kwenye skrini niliiona sentensi yangu. Alikuwa ameshaisoma. Hata hivyo aliniuliza, kwa sauti ile ile ya siku ya kahawa.

"Kauko. Ulimwona?"

"Sikumwona."

Alitikisa kichwa polepole, akavua sweta lake la mwisho, akamfunga nalo Raili mguu mmoja.

"Shika huu mwingine," alisema. "Sugua. Usiache mpaka gari lije."

Nikapiga magoti, nikashika.