Rangi Juu ya Kutu

Imelda alipofungua zipu ya mfuko wa kwanza wa vifaa, harufu ilimpiga usoni akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota mlangoni. Shombo aliizoea. Baba yake alikausha samaki hapo hapo Kalpitiya, ufukweni, maisha yake yote, na yeye alikulia kwenye nyavu. Hii haikuwa shombo. Hii ilikuwa jasho la wageni, mkojo, chumvi na ukungu, vitu vilivyofungiwa pamoja tangu Oktoba vikaiva.

Zamani alishona nyavu, sasa alishona mabawa: yale ya kitambaa yanayojazwa upepo kwa pampu, mtu akayashika mikononi huku amesimama juu ya ubao, na chini ya ubao mlingoti wa alumini wenye kisu kipana kinachomwinua juu ya maji ya ghuba. Kila msimu aliwaimbia watu wa kambi ya wageni wa mchezo huo maneno yale yale. Suuza kwa maji ya kisima. Anika kivulini. Fungua bolti zote, pangusa, paka grisi. Ila mwisho wa msimu uliopita mama yake aliugua, yeye akaenda Chilaw kumuuguza, na kazi ya kufunga vifaa ikabaki kwa Tharanga, mpwa wa mwenye kambi.

Mfuko wa pili ulikuwa na panya. Alikuwa amefia katikati ya mikunjo ya bawa la njano, na Imelda alipomvuta, nusu yake ikaja, nusu ikabaki imeganda kwenye kitambaa. Mate yakamjaa mdomoni. Akatoka nje, akashika ukuta, akatapika chai yote ya asubuhi.

Tharanga alikuwa kizingitini anakula wali na mchuzi wa dengu.

"Dada Imelda, jamani, mwenzio nakula!"

"Kula tu. Hivi vitu uliviosha?"

"Nilivimwagia maji."

"Maji gani?"

Alitafuna kwanza, akameza. "Ya ghuba."

"Yaani uliosha chumvi kwa chumvi."

"Si ni maji?" akasema, akalamba vidole kimoja kimoja.

Siku tatu Imelda alisugua kwa siki na ndimu, kitambaa kimefungwa puani. Ukungu ulitoka mweusi kama makamasi ya mchoma mkaa. Usiku alioga mara mbili na bado mumewe akahamia upande wa pili wa kitanda.

Siku ya nne akafika kwenye milingoti. Ilikuwa sita, yote myeusi, inang'aa kama imetoka dukani. Akashangaa kidogo, akaupitishia mmoja kitambaa chenye siki. Weusi ukabaki kwenye kitambaa. Chini yake alumini ilikuwa imeliwa, imeota unga mweupe na kuchimbika kama jino bovu. Akajaribu kufungua bolti moja. Kichwa kikang'oka vidoleni kama biskuti iliyolowa chai.

"Tharanga! Nani kapaka rangi hapa?"

Kijana alikuja anajikuna. "Si inapendeza?"

"Kesho mgeni wetu wa kwanza msimu huu, yule daktari wa Kandy, anapanda hii. Ikikatika akiwa juu, hicho kisu cha chini kitampasua tumbo."

"Ataenda mara mbili tatu tu. Tena hata si mzito." Kisha akacheka. "Mwaka jana zile nguo za mpira za kuingilia majini ulizinyunyizia marashi bila kuzifua, ukawavalisha watu. Leo umekuwa mtakatifu?"

Ilikuwa kweli. Siku ile wageni walikuwa wengi, amechoka, akanyunyiza na kutabasamu. Alijisikia vibaya kuliko alivyojisikia mbele ya panya.

Akampigia simu mwenye kambi, Bwana Anslem, aliyekaa Negombo, akaweka sauti ya juu ili kijana asikie.

"Bwana, milingoti imeoza. Huyu kaipaka rangi."

"Najua. Mimi ndiye niliyemwambia. Mipya itakuja Juni, Imelda. Kaza bolti, nyamaza."

Ilikuwa sauti ile ile ya upole aliyomuulizia nayo hali ya mama yake.

Akakata simu. Akachukua msumeno wa chuma, akaubana mlingoti wa kwanza mezani, akaanza kukata.

"Dada! Umepandwa na wazimu? Hiyo mali ya watu!"

"Sogea, usije ukapoteza kidole."

Tharanga alisogea. Alumini ile mbovu haikumpa shida. Mpaka saa tisa alasiri vipande kumi na viwili vilikuwa mchangani. Akaokota mfuko wake, akaondoka bila kudai mshahara wa mwezi.

Daktari alifika kesho yake, akaona vile vipande, akageuza gari. Kambi ikafungwa hadi milingoti mipya ilipotoka Colombo, wiki ya pili ya Mei, si Juni. Imelda hawakumwita tena. Kambi nyingine nazo zilisikia habari ya msumeno, na msimu wote hakushona bawa hata moja. Alirudia nyavu.

Jumapili moja kanisani, wakati wa kupeana amani, Bwana Anslem, aliyekuja kukagua kambi, aligeuka kutoka benchi la mbele akamnyooshea mkono, anatabasamu. Imelda aliutazama mkono ule, mweupe kwa ndani, msafi, wenye kucha zilizokatwa vizuri. Akainama kuokota kitabu cha nyimbo ambacho hakikuwa kimeanguka.