Fundo la Chumvichumvi

Ncha za majani zilianza kuungua siku chache baada ya Zuhura kurudi kutoka shambani Mpitimbi. Miche yake ya kahawa, iliyopangwa kwenye makopo kando ya ukuta wa nyumba ya kupanga, ilinyauka kama iliyopitiwa na moto. Ushirika ulikuwa umeacha kuleta mbolea. Siku hizo ilipimwa sokoni kwa kikombe, na aliyemnunulia alikuwa jirani yake, Tumpe. Zuhura alimshukia uani, wapangaji wote wakisikia: "Umeniletea sumu!"

Tangu hapo Tumpe hakumwitikia salamu. Sasa alikuwa amepata chumba kwingine, anahama.

Moyo wa Zuhura haukutulia. Alichukua kopo lenye mche unaokufa, na jingine lenye mche mzima, ambalo muda wote lilikuwa nyuma ya jiko. Akamwagia kila moja maji ya mvua, taratibu, akakinga yaliyochuruzika tunduni, kila kopo na bakuli lake. Akayachemsha, haya kisha yale, mpaka yakakauka. Ya mche mzima yaliacha vumbi jekundu tu. Ya mche mgonjwa yaliacha ukoko mweupe.

"Ndiyo mbolea yake hiyo," alijisemea. Akaenda kutoa furushi la mbolea aliyonunuliwa na Tumpe. Fundo lilikuwa halijafunguliwa.

Mama mkwe wake, Bi. Zabibu, aliyekuja kutoka Nakapanya kumtunzia nyumba alipokuwa shambani, alichovya kidole kwenye ukoko, akaonja.

"Chumvi yetu hii. Si uliniambia niitilie chumvichumvi? Nikachota jikoni."

"Mama! Chumvichumvi ni mbolea ya dukani!"

"Mikorosho yetu haili vya dukani. Ningejuaje?" Kisha akashusha sauti. "Usinitaje, mwanangu. Watasema nimekuja kukuroga."

Zuhura alibisha hodi kwa Tumpe. "Mama Brayson, mbolea yako haina kosa. Nisamehe."

Tumpe alikuwa akikunja mashuka. "Matusi ulinipa uani, msamaha unaniletea chumbani?"

Zuhura akarudi uani. Wanawake waliacha kufua. Bi. Zabibu, mkekani, aliinamisha uso.

"Jamani, Tumpe nilimsingizia. Miche nimeiua mwenyewe, kwa chumvi ya jikoni."

"Ya jikoni? Ulitaka kuiunga mchuzi?" mmoja wao aliuliza.

Wakacheka, akawaacha wacheke. Tumpe, mlangoni, hakucheka. Alimtazama Bi. Zabibu kwa kitambo.

"Shikamoo, mama," alimwambia kwa upole.

"Marahaba, mwanangu."

Kisha akarudi ndani bila kumtazama Zuhura, naye Zuhura akabaki ametega sikio: anakunja mashuka, au anayakunjua?