Miji Aliyoimeza Shauri

Usiku wa jana niliota Shauri, ng'ombe wangu, amekaa mezani anakula ndizi za maziwa kwa kijiko, na mimi nimefungwa kamba zizini, natafuna majani ya mgomba. Hayakuwa mabaya. Yalitaka chumvi kidogo tu.

Nilijua kilichonipeleka zizini. Mjukuu wangu Ndeshi, wa darasa la pili, alikuwa hajagusa ndizi tangu juzi. Aliniona nikitandaza samadi ya Shauri chini ya migomba, akasukuma sahani. "Bibi, hizi ndizi zimekula mavi. Mimi sili." Nikambembeleza, nikamtishia, nikamwimbia. Wapi. Na huku kwetu mlimani, mtoto akikataa ndizi umpe nini?

"Mjukuu wako yuko wapi?" akauliza Shauri, akijifuta mdomo kwa kanga yangu.

"Hapo juu."

Ndeshi anaelea karibu na bati. Kila mlo alioukataa umempunguzia uzito. Upepo ukiingia mlangoni, anasogea dirishani. Nanyoosha mkono, namkamata kidole cha mguu, namfunga kwa kanga kiunoni mwangu.

"Mshushe, Shauri."

"Simshushi mimi. Kinachomshusha ni jibu. Kitendawili."

"Tega."

"Wageni watatu, sahani moja. Kila mmoja hula alichobakisha mwenzake, na sahani haioshwi."

Nimetega vitendawili tangu meno yangu yalipokuwa yote, lakini hicho kilinikwama kooni pamoja na majani.

"Kimenishinda."

"Haya, bingwa wa vitendawili. Nipe mji."

"Nakupa Moshi."

Kwa kawaida mji wa kitendawili hutolewa kwa mdomo tu, hakuna anayehama. Shauri akauchota Moshi kwa kijiko, akaumeza, na sote tukajikuta sokoni humo. Wauza ndizi wamekaa nyuma ya meza tupu, wanafukuza nzi ambao hawapo. Kando yao umeketi mgomba, umekunja majani yake mapajani.

"Shikamoo, Bibi," ukasema.

"Marahaba. Mbona huna mkungu?"

"Nizae kwa nguvu gani? Muulize Shauri. Tangu juzi sijapata hata konzi ya samadi."

"Na mimi nitoe nini?" akasema Shauri. "Jioni nilikuwa naletewa maganda. Mtoto hali, basi hakuna anayemenya. Tumbo langu si duka."

Juu yetu Ndeshi anavuta kama tiara. Fundo la kanga linalegea. Nalishika kwa mikono miwili, linaniponyoka kidogo kidogo.

"Jibu, Bibi," akasema Shauri.

"Sina."

"Mji mwingine."

"Nakupa Tanga."

Tanga sijawahi kufika, kwa hiyo hapakuwa na kitu. Mchanga mweupe tu mpaka macho yanapokomea, na bahari kama dada yangu alivyonisimulia, ya buluu na fupi. Shauri akatembea huku na huku, kwato zikizama.

Fundo likafunguka. Ndeshi anapanda, anakuwa mdogo kama kuku, kisha kama kifaranga.

"Ndeshi, mama," nikaita, "wewe unalijua jibu?"

"Sahani ni shamba lako, Bibi," akajibu kutoka huko, kama mtu aliyechoka kusubiri wakubwa. "Wageni ni mimi, Shauri na mgomba. Mimi nabakisha maganda, Shauri anabakisha mavi, mgomba unaniachia ndizi."

"Samadi," akasema Shauri.

"Samadi. Na nina njaa."

Alipotaja njaa akaanza kushuka, taratibu, miguu kwanza. Alipotua begani kwangu, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Jikoni nilimkuta Ndeshi kwenye kigoda, anamenya ndizi mbivu ya pili, maganda ya ile ya kwanza magotini. Sikumuuliza kitu. Mtoto anayekula ukimshangaa, ataacha.

Alipomaliza akasimama. "Twende, Bibi. Mwenzetu anasubiri."

Huku mlimani udongo ni mwekundu, hata kuku mweupe huzeeka akiwa mwekundu. Nikainama kumwekea Shauri maganda yake. Katikati ya kwato zake kulikuwa na mchanga mweupe.

Shauri akala maganda, asinitazame.